Firigisi ya Jogoo na Sakafu ya Makori

Ukitaka kumwona Kemuma akicheka mpaka ashike nguzo, mtajie firigisi. Basi, usiongeze neno. Mama huyu ana miaka themanini na moja na magoti yake yanalia akiinuka, lakini neno hilo likimfikia nyuma ya kaunta ya duka lake hapa Macalder, anajifunika uso kwa leso na mabega yanaanza kutikisika. Wateja wageni hudhani analia. Sisi wenyeji tunangoja tu apumue ili tununue sukari yetu.

Wiki jana mjukuu wake Emmah alileta fundi wa vigae. Emmah ndiye anayeendesha duka siku hizi, na anataka sakafu inayong'aa kama ya maduka ya Migori mjini. Fundi akapima, akavuta kamba, akapiga chaki, akaja kufika mlangoni akakuta bibi ameweka kigoda na kukikalia.

"Hapa hapana," Kemuma akasema.

"Bibi, hiyo ni simiti ya zamani. Imepasuka."

"Hata mimi ni wa zamani, na nimepasuka. Utaniwekea vigae?"

Emmah akaja, akabembeleza, akanuna. Bibi hakuondoka. Ili uelewe ukaidi huo itabidi urudi hadi mwaka wa themanini na tatu, wakati Kemuma alikuwa na magoti mazuri na duka lilikuwa linakufa.

Yeye na mumewe Makori walishuka kutoka Kisii mwaka wa sabini na moja, na magunia mawili ya vitunguu. Kampuni kubwa ya mgodi ilikuwa imeshaondoka, lakini watu walikuwa bado wanachimba dhahabu kwa sururu na kuosha mchanga kwa karai, na mchimbaji akipata au akikosa, lazima ale. Wakajenga duka la udongo na mabati. Waliuza chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya kipande, betri za tochi na karai zenyewe. Duka likashika. Makori, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, alimjua kila mteja kwa jina, kwa jina la baba yake na kwa ugonjwa wa ng'ombe wake. Ulimi wake haukuwa na mlango. Ukimwambia Makori siri wakati wa chai, siri hiyo ilikuwa imefika Sori ziwani kabla hajamaliza kikombe.

Halafu akaja Obare, akafungua duka upande wa pili wa barabara. Wololo! Obare aliuza sigara. Obare alifungua Jumamosi. Kemuma na Makori ni Wasabato, kwa hiyo sigara haikuingia dukani mwao, na Ijumaa jua likizama walifunga mlango mpaka Jumamosi jua lizame tena, hata mchimbaji abishe hodi akiwa na njaa ya simba. Hayo mawili Kemuma aliyakubali, kwa sababu Mungu hafanyiwi ushindani. Lakini Obare akaleta la tatu, nalo ni friji ya mafuta ya taa. Soda baridi, Macalder, katika jua lile! Watu walivuka barabara kwa makundi. Walitoka shimoni wakiwa wametapakaa vumbi mpaka kwenye kope, wakapita mbele ya Makori wakimwonea haya, "Jambo mzee, jambo mzee," kisha wakavuka.

Kufunga duka maana yake ilikuwa kurudi Kisii, na Kisii hakukuwa na pa kurudi. Orina, kaka mkubwa wa Makori, alikuwa ameshalima kipande chao mpaka kwenye kizingiti cha nyumba. Mke na mume hawakulisema jambo hilo, lakini kila mmoja alikuwa akiliwaza upande wake wa kitanda. Kemuma aliona wazi kwamba dawa ni friji. Makori naye, ambaye alikuwa amechungulia kwa Obare mara moja tu, aliona wazi kwamba dawa ni sakafu. Obare alikuwa na sakafu ya simiti, wao walikuwa na udongo.

Sasa, firigisi.

Mwezi wa Julai mchungaji alikuja kutoka Homa Bay kutangaza makambi, ule mkutano wa juma zima ambao Wasabato huuendea na mahema na masufuria. Mchungaji hapewi mboga. Kemuma akamchinja jogoo wa dukani, jitu moja zee ambalo tangu utoto wake lilikuwa likidonoa chini ya kaunta. Akamfungua. Firigisi ni ya mwenye nyumba, hilo hata mtoto wa Kisii anajua, na mke akileta kuku asiyekuwa na firigisi ajiandae kujibu maswali. Kwa hiyo Kemuma akaichukua kwa heshima zake, akaipasua kuiosha, akaanza kutoa changarawe kwa kidole.

Changarawe moja ilikuwa ya manjano.

Aliiosha. Akaiuma. Akaitazama juani, kitu kidogo kama nusu ya punje ya mchele. Akaketi juu ya kinu. Miaka kumi na miwili wachimbaji walikuwa wamesimama kwenye sakafu ile na nguo zao za shimoni. Walikuwa wamekung'uta kofia pale. Mvua ikinyesha walikuwa wameweka pale magunia yao yenye matundu, yamejaa mawe yaliyosagwa. Yeye mwenyewe alikuwa amemwagia maji kila asubuhi na kushindilia kwa miguu, akiimba. Nyasae, Mungu wangu! Alikuwa akiimba juu ya friji!

Jioni hiyo Makori alitafuna firigisi yake akimsifu Mungu, asijue kilichotoka ndani. Kemuma alikuwa ameifunga ile punje kwenye pindo la leso, na kila mara mchungaji alipoomba, yeye alishika pindo.

Kesho yake alikwangua nyuma ya mlango, kiasi cha kujaza kofia, akaosha kwa karai kisirisiri nyuma ya choo. Akapata vijichembe vinne. Basi akapanga: akitoka makambi mwezi wa Agosti, Makori akienda zake Kisii kuleta ndizi, atakwangua sakafu yote shubiri moja, ataiosha, na friji itakuja. Makori asingeambiwa neno. Ukimwambia Makori, kesho Macalder nzima itakuwa imepiga magoti ndani ya duka na vijiko.

Lakini mume si kipofu. Atakuta sakafu imechimbwa atauliza. Kwa hiyo akatangulia na uongo mdogo, wa kike, ambao aliuona hauna madhara.

"Baba Edith," akasema akiguna, "sakafu hii inanitesa. Vumbi, matope, hata haya naona. Nikirudi makambi nitaishughulikia mwenyewe."

Makori alimtazama mkewe kwa macho ya huruma, huruma hasa, kisha akaenda kumtazama ndama wake dume kwa macho ya hesabu. Kemuma angeliona jicho lile la pili asingelikwenda Homa Bay.

Alikwenda. Aliimba kwaya juma zima, sauti ya kwanza, na alirudi Jumapili, sanduku kichwani, moyo ukimrukaruka kama wa mwari. Makori alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, meno yote nje. Mlangoni alikuwa ametundika leso kama pazia.

"Mama Edith, vua viatu. Funga macho."

Akavua. Akafunga. Akashikwa mkono, akavushwa kizingiti, na nyayo zake zikagusa kitu baridi, laini, kigumu.

Kemuma alipiga ukelele ambao hata Obare alitoka nje kuusikiliza.

"Nilijua utafurahi!" Makori akanguruma, machozi yakimlenga. "Nimemuuza yule ndama! Mafundi wawili, siku tatu! Umeona pale mlangoni? Angalia mlangoni!"

"Nimeona, nimeona," Kemuma akasema, na hakuwa ameona kitu. "Baba Edith, udongo uko wapi?"

"Udongo gani?"

"Udongo! Wa hapa! Uliokuwa hapa!"

"Aa, huo. Mafundi walichimba sana, wakasema simiti inataka kushika chini. Nikampa Mama Walter, alikuwa anakandika nyumba yake. Udongo mzuri ule, umeshika kweli kweli."

Kemuma akatoka mlango wa nyuma. Eucabeth, ndiye huyo Mama Walter, alikuwa mjane wa Kijaluo aliyekaanga samaki kwenye veranda yao, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Leo ilikuwa imependeza kupita kiasi. Ukuta wote ulikuwa mpya, laini, na Eucabeth alikuwa ameuchora mawimbi kwa vidole vyake. Jua likaupiga ukuta ule, na Kemuma akaapa kwamba umemkonyeza.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku hiyo hiyo alirudi dukani, akaburuta gunia la chumvi, akaliweka pale mlangoni ambako Makori alikuwa akimwonyesha, kwa hasira tu, asione hata kipande cha simiti ile zaidi ya lazima. Jumatatu alipeleka sukari kwa Eucabeth, bure. Jumanne akapeleka sabuni. Jumatano akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Mama Walter, mimi naona huu ukuta haukukaa vizuri. Niache niubandue nikukandikie upya. Kwa mikono yangu."

"Nyar Kisii," Eucabeth akasema, kwa maana alimwita hivyo siku zote, binti wa Kisii, "mbona ukuta uko sawa?"

"Udongo ule umemwagikiwa mafuta ya taa miaka kumi na miwili. Nyumba itashika moto."

"Wacha ishike. Mwezi huu kuna baridi."

Kemuma akarudi nyumbani akitafuta uongo mwingine, lakini hakuupata, maana Alhamisi walifika mbuzi.

Hilo hakuna aliyelifikiria. Miaka kumi na miwili chumvi ilikuwa ikimwagika kwenye sakafu ile. Mbuzi mmoja akaramba ukuta wa Eucabeth, akasimama, akatafakari, akaita wenzake. Kufikia adhuhuri walikuwa kumi na saba, wamejipanga kama watu wa kliniki, ndimi nje, na ukuta ukiisha mbele ya macho. Kemuma alitoka dukani bila kumaliza kupima unga wa mteja. Alikuwa na mwiko. Aliwafukuza upande huu, wakazunguka upande ule. Akavua leso akaipunga. Akamshika beberu mmoja pembe akamfungua mdomo, akamkagua meno, akilia, "Tema! Tema wewe!" Watu wa kwa Obare walivuka barabara, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, wakiwa na soda zao mikononi, kuja kutazama.

Eucabeth aliacha samaki waungue. Akamshika Kemuma kiwiko, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

"Yawa, mimi si mtoto," akasema. "Sukari nimekula, sabuni nimeogea, nikanyamaza. Lakini mama mzima hawezi kupigana na mbuzi wa watu juu ya ukuta wa mtu bure. Sema."

Mficha uchi hazai. Kemuma akafungua pindo la leso, akamwonyesha ile punje, na akasema yote, ya jogoo, ya friji, ya Orina na kizingiti. Kusema kulimfanya ajisikie mwepesi mpaka akaogopa. Kisha akangoja, kwa sababu udongo ukishatolewa umetolewa, na ukuta ulikuwa wa Eucabeth, na Eucabeth akisema "asante, kwaheri," hakuna baraza lolote ambalo lingemsaidia.

Eucabeth aliitazama punje. Akautazama ukuta wake kwa ndani. Halafu kitu kikaanza tumboni mwake, kikapanda, kikamtokea puani, na mama huyu akaanguka kitandani akicheka, akipiga godoro kwa ngumi. "Firigisi!" akasema, na kila alipotaka kuendelea, neno hilo likamrudisha chini. Kemuma alijaribu kukasirika. Ilimshinda. Wakacheka mpaka mbuzi nje wakakimbia wenyewe.

"Sikiliza," Eucabeth akasema hatimaye, akijifuta. "Udongo ni wangu, lakini jogoo alikuwa wako. Tugawe nusu kwa nusu. Wewe kuosha dhahabu hujui, unamwaga. Mimi nimeosha mtoni tangu baba Walter afariki. Na nyumba utanikandikia, Nyar Kisii, si umesema kwa mikono yako? Halafu nikuulize: ukirudi Kisii, mimi nitakaanga samaki kwenye veranda ya nani? Ya Obare?"

Walianza hapo hapo. Wakakwangua, wakaponda, wakateka maji kwa punda, na mpita njia akiuliza, aliambiwa mbuzi wameharibu nyumba. Mikono ya Eucabeth ilizungusha karai kwa utaratibu kama anayebembeleza mtoto mchanga, matope yakatoka, mchanga mweusi ukabaki, na chini ya mchanga mweusi, mstari mwembamba wa manjano.

Ijumaa mchana Makori akawakuta. Alichokiona ni mkewe, matope mpaka kwapani, akiubomoa ukuta wa jirani kwa jembe.

"Mama Edith!" akalia. "Amekukosea nini? Mama Walter, msamehe, ni joto la makambi!"

Wanawake wakatazamana. Hapakuwa na njia nyingine. Kemuma akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia kila kitu, na alipofika kwenye sakafu, Makori alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nimekuua," akasema polepole. "Nimekuua na simiti."

"Hujaniua. Lakini ukisema neno moja tu, tumekufa wote. Leo hatujafika hata nusu. Kesho Sabato, hatugusi. Tunahitaji mpaka Jumatatu. Baba Edith, unajijua."

Makori alijijua. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na leso ya mkewe, akajifunga kutoka kidevuni mpaka utosini, fundo juu kama masikio ya sungura. Tangu dakika hiyo alikuwa na jino linalomuuma. Aliuza kwa ishara. Alikwenda kanisani na jino, na walipoimba nyimbo alizozipenda, alitikisa kichwa tu, jasho likimtoka. Wachimbaji wakamletea majani ya kutafuna. Obare mwenyewe akavuka barabara na kumpa pole, na Makori akamtazama kwa macho yaliyojaa habari mpaka Kemuma akahofia yatapasuka. Siku kumi kamili! Kemuma husema mpaka leo kwamba hajawahi kupendwa namna ile. Mwanamume mwingine angempa ng'ombe; Makori alimpa kimya.

Jumatatu jioni walikuwa wamepata dhahabu ya ukubwa wa maharagwe mawili. Moja likaenda kwa Eucabeth, likawa mabati mapya. La pili likaenda Migori, na baada ya juma moja, Makori bado na jino lake, pikapu ikarudi na friji ya mafuta ya taa, kuukuu, nyeupe, imebonyea shavu, mrembo wa kufa mtu.

Haikupita mlangoni. Gunia la chumvi lilikuwa limezuia. Wanaume wanne wakaliinua kando, na Kemuma, aliyekuwa akiwaelekeza "huku, huku, polepole," akatazama chini.

Simiti ilikuwa imeandikwa. Mtu mnene alikuwa amepiga magoti ilipokuwa mbichi na kuandika kwa kidole, herufi kubwa, zinazopanda kilima: HAPA NI KWETU. KEMUMA NA MAKORI. AGOSTI 1983.

"Nilikuambia uangalie mlangoni," Makori akasema nyuma yake, kwa upole, kidevu bado kimefungwa.

Kemuma akaketi palepale, mlango mzima, na friji ikasubiri mikononi mwa wanaume wanne waliokuwa wakiguna. Alilia na kucheka kwa pamoja, hata yeye hakujua kipi kinaongoza. Halafu akanyoosha mkono juu, akavuta fundo la leso, na kidevu cha Makori kikawa huru.

Mama yangu! Alisema yote kwa pumzi moja. Akaanza na jogoo. Kufikia saa kumi Macalder nzima ilikuwa imejaa dukani kwao, wengine juu ya magunia, wakipigia kelele kila mbuzi aliyetajwa, na hakuna aliyekumbuka kuvuka barabara. Kesho yake Obare aliipasua sakafu yake kwa nyundo. Alichimba mpaka kiunoni. Alipata kijiko.

Friji ilikufa mwaka wa tisini na nne. Makori alikufa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, katikati ya hadithi, na mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa inaishaje. Eucabeth bado yupo, na mbuzi wakipita kwake bado wanageuza shingo.

Haya yote Kemuma aliyasimulia wiki jana, akiwa juu ya kigoda, na fundi wa vigae alikuwa amekaa juu ya boksi lake, chaki imemwanguka. Emmah alikuwa ameisikia mara mia. Lakini alichutama, akakigusa kigoda.

"Bibi, inuka kidogo nione."

Kemuma akainuka, magoti yakalia. Herufi zilikuwa zimelika, na neno la pili lilikuwa na ufa katikati, lakini zilisomeka. Fundi akazisoma kwa sauti, akakuna kichwa, akachukua kamba yake na kupiga chaki upya kuzunguka ule mraba wa maandishi.

"Watu watajikwaa hapa, bibi," akasema.

"Wajikwae," akasema Kemuma. "Ndipo watakapouliza."